Karani Aliyeandikwa

Kazi yangu ni kuhesabu. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inapoanza kuingia mwaloni Igombe, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, huwa nimeshakaa kwenye benchi langu chini ya bati, daftari limefunguliwa, kalamu moja mkononi na ya akiba nyuma ya sikio la kushoto. Naandika namba ya mtumbwi, jina la tajiri wake, taa ngapi ziliwashwa, ndoo ngapi zimeshuka. Siku za mbalamwezi daftari linalala, maana dagaa hafuati taa wakati mwezi umeangaza ziwa zima. Siku za giza naandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Kuna wanaosema karani wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi wa mwalo, hana kazi, anakula kivuli tu. Sawa. Ila ndoo ambayo sikuiandika, mwisho wa mwezi haikuvuliwa, na anayeidai hana pa kunionyesha kidole.

Wageni wakifika mwaloni huziba pua. Mimi harufu ya dagaa sijawahi kuipata sawasawa, na kwa miaka mingi nilidhani Mungu amenipa zawadi inayofanana na kazi yangu. Kumbe ilikuwa dalili.

Nilizaliwa mwaka 1984, na mama anasema nilizaliwa nakohoa. Si wiki ya pili, wala si baada ya kupigwa na upepo wa ziwa. Siku ileile ya kwanza pumzi zilikwenda mbio, mkunga akanishika miguu na kuniinamisha kichwa chini ili yaliyonikaba yatoke. Kikohozi hicho hakijaniacha hata siku moja hadi leo. Kina makohozi, na asubuhi ndiyo kinatamba. Pua ikawa bomba bovu. Shule ya msingi waliniita Kamasi. Masikio yalitoa usaha kila masika. Mdogo wangu wa kike, wa mwaka 1988, alikuwa hivyohivyo, na majirani wakazoea: watoto wa nyumba ile ni watu wa kifua.

Huku kwetu mtu akikohoa makohozi na kukonda, jibu liko tayari kabla hajakaa kwenye kiti. Mwaka 2003 zahanati fulani ilinipima makohozi mara tatu, vimelea vya TB havikuonekana hata mara moja, nikaandikiwa dawa za TB kwa kutazama mbavu zangu. Nilizimeza mpaka mwisho. Mwaka 2009 nikaanzishiwa tena, na safari hii niliandikwa kama mgonjwa aliyerudia. Enzi hizo aliyerudia alichomwa sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili. Sindano ile inajulikana kwa kuumiza masikio, na yangu yalikuwa yameshaumia. Mpango huo Shirika la Afya Duniani liliacha kuupendekeza mwaka 2017. Mimi nilikuwa nimeshaumaliza zamani. Ndiyo maana kalamu ya akiba naichomeka kushoto. Sikio hilo ni la mapambo. La kulia ndilo la kusikilizia.

Sina ugomvi na walionitibu TB. TB ni kitu cha kweli ziwani, nimewazika wavuvi wenzangu kwa ajili yake, na dawa zile zinaokoa watu kila siku. Kinachonikera ni cha kikarani zaidi. Nimehesabiwa mara mbili katika daftari lisilo langu. Hesabu za TB za miaka ile zina mimi ndani yake, mara moja kama mgonjwa mpya na mara moja kama aliyerudia. Daftari lenye ugonjwa wangu halikuwa na habari zangu kabisa.

Na ushahidi ulikuwepo. Mwaka huo wa 2009, katika hospitali ambayo sitaitaja, daktari mtu mzima aliitundika filamu ya picha ya kifua changu kwenye sanduku la taa, akaitazama, akaguna. Akaichomoa, akaigeuza, akaitundika tena. Sasa moyo ukakaa kushoto, mahali pa mioyo ya watu. "Hawa vijana wa picha," akamwambia nesi, "kila siku wanageuza." Nesi akacheka, nami nikacheka kwa adabu. Pembeni ya filamu kulikuwa na ile herufi ya kuonyesha upande, na baada ya kugeuzwa ilisomeka kinyumenyume, kama maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Niliiona. Nina mazoea ya kusoma vitu vidogo vya pembeni. Nikadhani ndivyo picha za hospitali zilivyo.

Ikapita miaka saba.

Mwaka 2016 nilikohoa damu kidogo pamoja na makohozi, nikapewa rufaa. Nilipokelewa na daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi nimgeuzie sikio la kulia. Aliweka kifaa chake kifuani upande wa kushoto, akasikiliza, akasogeza, akasogeza tena, akahamia kulia na kubaki hapo.

"Kaka, umewahi kuambiwa moyo wako uko upande gani?"

Nikamwambia uko upande wa moyo. Hakucheka. Alinipeleka kupimwa tumbo kwa mashine ya mawimbi. Ini langu likakutwa kushoto, bandama kulia. Kila kitu ndani yangu kimepangwa kama kwenye kioo. Picha ya CT ikaonyesha mirija ya hewa, hasa sehemu za chini za mapafu, imepanuka na kulegea, makohozi yametuama kama maji kwenye mtaro uliobomoka. Akauliza masikio. Akauliza pua. Akauliza kama nina ndugu wanaokohoa. Halafu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, akauliza kama nina watoto.

Nyuma ya fomu ya maabara alinichorea mtumbwi. Ndani ya pua na mirija ya hewa ya kila mtu, akasema, kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinapiga pamoja kama makasia, mara 10 hadi 15 kwa sekunde, vikisukuma kamasi na uchafu kwenda juu utoke. Kwangu makasia yapo lakini hayapigi. Mtoto akiwa tumboni, wiki za mwanzo kabisa, vinyweleo vya namna hiyo huzunguka na kusukuma majimaji kwenda upande mmoja, na mkondo huo ndio unaouambia moyo ukae kushoto. Mkondo usipokuwepo, mwili unarusha shilingi. Yangu iliangukia kulia. Nusu ya wenye ugonjwa huu huangukia kushoto kama watu wote, na hao ndio wagumu zaidi kuwagundua, kwa sababu hakuna picha itakayomshtua mtu.

Alinitajia Manes Kartagener, daktari wa Zurich, ambaye mwaka 1933 aliandika juu ya wagonjwa wanne waliokuwa na vitu vitatu kwa pamoja: viungo vilivyogeuka, pua iliyoziba daima na mirija ya mapafu iliyopanuka. Wagonjwa wanne tu. Sababu ilikuja kuonekana mwaka 1976, Björn Afzelius wa Stockholm alipotazama kwa darubini ya elektroni mbegu za wanaume waliokosa watoto na kuona vipande vidogo vinavyochezesha mkia havipo. Wengi wa wanaume hao walikuwa na kikohozi cha maisha. Mkia wa mbegu ya mwanaume na kinyweleo cha kwenye mapafu vimeundwa kwa kiunzi kilekile. Siku hizi madaktari wanauita ugonjwa huu PCD, na vinasaba zaidi ya 50 vinajulikana kuusababisha. Mara nyingi unarithiwa kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja akiwa mzima na amebeba nusu bila kujua.

Kwa hiyo swali la watoto halikuwa la adabu tu.

Hapa mwaloni mwanaume wa umri wangu haitwi jina lake. Anaitwa baba fulani. Mimi naitwa Karani. Nilioa mwaka 2011, na miaka mitano iliyofuata mke wangu alipelekwa kwa waganga watatu: mmoja Magu, mmoja Kwimba, mmoja ng'ambo ya Sengerema. Aliogeshwa dawa alfajiri ya baridi. Alifungwa hirizi kiunoni. Alikatazwa kula kamongo, kisha yule wa pili akamwambia ale kamongo. Nilimsindikiza mara mbili na kulipa mara zote tatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniambia mimi nipeleke chochote kipimwe. Majibu yalipotoka yalikuwa mstari mmoja: mbegu zipo za kutosha, hazisogei. Si kila mwanaume mwenye PCD hukosa watoto, ila wengi hukosa. Ipo njia ya maabara ya kuchukua mbegu moja na kuichomeka ndani ya yai. Bei yake niliiuliza mara moja tu.

Nilimwita mama, mke wangu, na shangazi yangu aliyekuwa kinara wa zile safari. Nikaweka karatasi mezani nikaeleza kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili ilikuwa inasikika kama tangazo. Shangazi, asiyejua kusoma, aliichukua karatasi akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna kingine. Hakikuwepo. Mke wangu alinyanyuka, akaenda nje kugeuza dagaa kwenye chanja. Jua lilikuwa bado halijawakausha upande wa juu. Hakusema kitu siku ile. Alisema baada ya wiki, na alichosema ni chetu wawili.

Nimerefusha hapo kwa sababu ndipo palipo na uzito. Dawa zenyewe ni habari fupi: kulala ubavu kichwa kikiwa chini asubuhi na jioni, mgongo ukigongwa mpaka makohozi yaachie, kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kukaa mbali na moshi wa kubanikia samaki, na kuwahi antibayotiki kifua kinapochafuka. Gari langu la kwanza la maisha mazuri lilikuwa mto mgumu wa kuwekwa chini ya kiuno.

Mwaka 2018 daktari alinikabidhi fomu ya ridhaa. Alisema ugonjwa ukiwa adimu hakuna hospitali, wala nchi, yenye wagonjwa wa kutosha kuujua, kwa hiyo watafiti wameunganisha madaftari. Hadi Aprili 2016 mkusanyo wa kimataifa unaoratibiwa kutoka Bern, Uswisi, ulikuwa na wagonjwa 3,013 kutoka nchi 18, wengi wao wa Ulaya. Nikamuuliza wa Tanzania anawajua wangapi. "Ninayemjua ni wewe," akasema.

Alijiandaa kunieleza faida yake polepole. Hakuhitaji. Ziwa letu lina nchi tatu, na Kenya ina asilimia 6 tu ya maji yake. Sangara hana pasipoti. Mwaka 1994 nchi zote tatu zilianzisha shirika moja la uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja, na kuanzia mwaka 2000 zikawa zinafanya sensa ya uvuvi kwa pamoja: mialo, mitumbwi, injini, wavuvi, nyavu na ukubwa wa macho yake. Nimeshiriki sensa hizo. Utamu wake uko kwenye fomu: inayojazwa Igombe, inayojazwa Homa Bay na inayojazwa Kalangala zina maswali yaleyale. Karani mmoja akiandika "mtumbwi mkubwa" na mwenzake akaandika "mita 9", jumla yake ni uongo. Rejista ya wagonjwa ndivyo ilivyo. Kikohozi: kila siku, au mara kwa mara? Moyo: kushoto, kulia? Ulipata shida ya kupumua siku za kwanza za maisha? Umri ulipogunduliwa? Hapo niliandika 32 na kalamu ikasita kidogo.

Lakini sensa imenifundisha na lingine. Siku ya kuhesabu nyavu, wavuvi huzificha. Hawaamini kwamba anayehesabu leo hatarudi kesho na kiberiti. Na mwaka ule wa 2018 ndio uliokuwa wa Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu. Nyavu haramu zilichomwa moto mialoni, na wapo walionitazama mimi na daftari langu kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Niliwaambia mimi naandika tu. Ni maneno dhaifu, kila karani anayajua.

Basi fomu ilipokuwa mbele yangu nikawa mvuvi. Nani atalifungua daftari hili? Daktari akaeleza: jina linabaki hapa, kinachosafiri ni namba, kuna kamati ya maadili, naweza kujitoa siku yoyote. Nikamwambia, "Daktari, Mwanza nzima ukisema mwanaume, karani wa mwalo, moyo kulia, jina unalihitaji la nini?" Akanyamaza. Kisha akakubali kwamba kwa ugonjwa adimu namba peke yake haifichi mtu, na kwamba ndiyo sababu kazi na wilaya havijazwi, na tarehe ya kuzaliwa inabaki mwaka tu. Miaka hiyo hatukuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilikuja 2022. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza, taarifa zangu. Cha pili, mate yangu yapelekwe nje kusomwa vinasaba, kwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa kusafirisha sampuli. Niliweka tiki cha kwanza. Cha pili nilikiacha wazi, na kilikaa wazi zaidi ya miaka miwili.

Siku hiyohiyo nilipuliza kwenye mashine ya kupima pumzi. Kabla haijakubali kupulizwa iliuliza asili yangu. Daktari alishuka na orodha: Mzungu, Mwasia wa kaskazini mashariki, Mwasia wa kusini mashariki, Mmarekani Mweusi, wengineo. Mwafrika wa Afrika hakuwepo. Jedwali la kulinganishia pumzi lililokuwa ndani ya mashine, la mwaka 2012, halikuwa na kipengele chake. Akabonyeza Mmarekani Mweusi. Nikapuliza kama Mmarekani, na pumzi yangu ya sekunde ya kwanza ikalinganishwa na ya watu wa Marekani. Jedwali lisilouliza asili limetoka 2022. Tulicheka, lakini ndipo nilipoona umbo la tatizo: mashine haikunidharau, ilikuwa tu haijawahi kuandikiwa mtu kama mimi.

Katika janga la korona mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Bern kilifungua utafiti wa mtandaoni kwa wenye PCD popote walipo, wagonjwa wenyewe wakisaidia kuchagua maswali, na maswali mafupi yakija kila wiki. Lugha zilikuwa za Ulaya. Binti wa kaka wa mke wangu alinisomea kwenye simu na kunitafsiria, akiruka alipoona aibu. Majibu ya utafiti yalikuwa ya kutuliza moyo, popote ulipo: wengi wetu tulijilinda mno, na walioambukizwa wengi waliugua kwa wepesi.

Mwaka huohuo lilitoka jambo lililonifanya nikitazame tena kile kisanduku cha pili. Dawa ya PCD ilikuwa imejaribiwa kwa kura katika nchi kadhaa kwa pamoja, wengine wakipata dawa na wengine kidonge kitupu. Vituo sita vya Ulaya viliungana na kupata watu 90. Tisini! Mwaloni asubuhi moja ya giza ninawapita watu 90 kabla ya chai. Waliopewa azithromaisini walikuwa 49, waliopewa kidonge kitupu 41, kwa miezi sita. Wa kwanza kifua kilichafuka kwa wastani mara 0.75, wa pili mara 1.62. Hakuna nchi moja kati ya zile ambayo ingefika hapo peke yake. Na dawa yenyewe si ya ajabu, iko katika kila duka la dawa hapa mjini. Lakini usiikimbilie: mimi kabla ya kupewa nilipimwa tena makohozi kwa TB na kwa vimelea vinavyofanana nayo, nikapimwa mwendo wa umeme wa moyo, nikapimwa masikio, kwa sababu ikitumiwa ovyo inaharibu. Kwa daftari langu mwenyewe, mwaka kabla yake nilichafukiwa mara tano. Mwaka wa kwanza wa dawa, mara mbili. Sidai kitu kwa mtu mmoja. Naandika tu.

Daktari akanisimulia pia juu ya Puerto Rico. Katika kisiwa kile wagonjwa wengi wa PCD walikutwa na badiliko moja lilelile katika kinasaba kiitwacho RSPH4A, lililorithiwa kutoka kwa babu mmoja wa zamani. Kinasaba hicho hakigeuzi viungo, kwa hiyo wote mioyo yao iko kushoto, na anayemtafuta mgonjwa kwa moyo wa kulia hatampata hata mmoja. Mpaka walipoandikwa pamoja ndipo badiliko lile likaonekana. Nikawaza: huku kwetu kuna nini ambacho hakijaonekana? Nikaweka tiki.

Majibu yalichukua miezi 14. Mabadiliko mawili katika DNAH5, kinasaba kinachoongoza kwa ugonjwa huu. La kwanza lilikuwa linajulikana. La pili halikuwa katika orodha yoyote, na maabara iliandika kwamba maana yake haijulikani; huenda ni ugonjwa, huenda ni tofauti tu ya kawaida ya watu wa kwetu ambao hawajasomwa vya kutosha. Yaani nimesafirisha mate hadi ng'ambo, na ng'ambo wananiuliza mimi.

Kulikuwa na njia moja ya kujibu. Nimlete mdogo wangu.

Dada yangu anaishi Sengerema. Siku zile daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa, alivuka kwa pantoni akiwa amekunja uso. Miaka yote alitibiwa pumu. "Moyo wangu uko sawa," alinihakikishia akiwa amesimama mlangoni, "wa kwako ndio mbovu." Nikamweleza ile shilingi inayorushwa: mama mmoja, ugonjwa mmoja, wewe imeangukia kushoto. Alikohoa katikati ya kubisha, kikohozi changu mimi, na mke wangu jikoni akaniita akidhani ni mimi.

Alikutwa na mabadiliko yaleyale mawili. Ikabaki kujua kama yametoka pande mbili. Baba alishafariki, kwa hiyo ni mama. Mate kwetu si kitu cha kutupa ovyo, mzee hubariki kwa mate, na mama alitaka kwanza ajue yanakwenda kubariki nani. Alikaa kitandani na kile kichupa, asile wala asinywe kwa nusu saa, kinywa kikavu cha mtu wa miaka zaidi ya 70, akitema kidogokidogo huku sisi tumegeukia ukutani. Ilichukua karibu saa nzima. Mama ana badiliko moja: lile lisilojulikana. Lile lingine basi ni la baba. Kurasa tatu zilipowekwa pamoja, lile neno "haijulikani" likafutwa, na akitokea mtu mwingine kokote mwenye badiliko la mama yangu, hatakaa miezi 14 akisubiri.

Juzi nilipiga hesabu ya kikarani. Mwaka 2022 watafiti waliosoma hazina za vinasaba walikadiria angalau mtu mmoja kati ya 7,500 hivi huzaliwa na PCD, na wenye asili ya Afrika hawakuonekana kuwa nyuma ya Wazungu. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu mkoa wa Mwanza watu 3,699,872. Gawanya. Unapata karibu 490. Hata ukiondoa waliokufa wachanga, ni watu wa kujaza mwalo. Nimekutana na wawili, na nimekuwa mmoja wao.

Fomu ya familia ilikuwa na swali tulilolipita, dada yangu ndiye aliyeligundua: ndugu waliofariki utotoni. Sisi tulijiona wawili tu. Tukampigia mama, simu ikiwa kwenye spika juu ya daftari langu mwaloni, mitumbwi ya mwisho ikishusha.

"Yupo," mama akasema. "Kabla yenu. Mwaka wa vita ya Kagera. Aliishi siku kumi na moja."

Hakuwahi kututajia. Dada akamuuliza alikuwa anaumwa nini.

"Alikuwa anakohoa," akasema mama. "Walisema ni baridi." Kisha akauliza, "Wanaandika na jina?"

"Hapana, mayu. Wanaandika moja."

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Basi jina andika wewe kwenye lako."

Nikafungua ukurasa wa nyuma, ule ninaojaribia kalamu, akalitamka, nikaliandika.